Maswali Ninayoulizwa Dukani Kuhusu Picha za Sinema

Nauza vitenge na vitambaa vya kushonea pale Majengo, Dodoma. Kila wiki ya tano au ya sita nashuka Kariakoo kufuata mzigo, nalala kwa shangazi yangu Sinza siku mbili, na jioni moja katika hizo lazima niingie sinema. Nikirudi, mteja anaanza na "Dada, safari hii umeona nini?" ndipo aulize bei ya kitenge. Nimechoka kurudia maneno yale yale. Majibu ni haya hapa.

Kwani umesomea mambo ya filamu?

Nimesomea ushonaji. Mambo ya kamera siyajui na sijifanyi kuyajua. Ninachojua ni kama nilisinzia, kama nilichungulia simu, na kama usiku ule shangazi aliponiuliza "Haya, ilikuwaje?" nilikuwa na la kumsimulia. Shangazi hana muda wa kubembelezwa. Ukianza kwa kujiuma-uma anawasha taarifa ya habari.

Kwa nini usisubiri ziletwe kwenye flashi kama sisi wengine?

Nyingi nazisubiri, msinione mtu wa fahari. Mimi nimekulia kwenye kibanda umiza, Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma: mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya kabati, magunia dirishani ili mwanga usiingie, na mwenye kibanda anapita katikati ya picha kukamata waliozamia. Pale ndipo nilipojifunza kwamba picha tamu ni ile mnayoshtuka wote kwa mara moja. Ukiitazama peke yako kitandani kwenye simu, unashtuka, unaangalia huku na huku, unajiona mjinga.

Sinema ni kibanda umiza chenye viti vizuri na baridi kali.

Ule mtindo wako wa kusema picha ni "ya treni" maana yake nini?

Ni hesabu ya biashara tu. Treni ya mwendokasi kutoka Dar hadi Dodoma ilianza kubeba abiria Julai 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000, kabla hujala, kabla hujakata tiketi ya sinema. Kwa hiyo nauliza: kama nisingekuwa na mzigo wa kufuata, je, ningetoa 62,000 kwa ajili ya picha hii tu?

Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni picha ya treni. Zimekuwa chache, vidole vya mkono mmoja vinatosha. Nyingine ni za kupitia, yaani ukiwa tayari uko Dar na jioni huna kazi, pitia. Zilizobaki ni za flashi.

Kuna kasoro moja kwenye kipimo hiki na mume wangu hachoki kunikumbusha. Mtu akishalipa nauli, ataitetea picha hata kama mbovu, ili asionekane kapoteza hela. Ni kweli. Ndiyo maana huwa sitoi daraja mpaka siku tatu zipite na mzigo uwe umefika.

Sinners ni picha ya kutisha? Mimi nina presha.

Hili ndilo swali nililoulizwa kuliko yote tangu mwaka 2025, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ndiyo, inatisha, lakini haianzi kwa kutisha. Karibu nusu nzima ya kwanza ni watu wanatafuta maisha. Ni mwaka 1932, mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi, Marekani. Pacha wawili, Smoke na Stack, wanarudi nyumbani kutoka Chicago na hela zisizoeleweka zimetoka wapi, wananunua jengo la kiwanda cha zamani ili usiku ule ule wafungue ukumbi wa muziki kwa watu weusi. Pacha wote wawili ni Michael B. Jordan mmoja. Mimi nilimtambua yupi ni yupi kwa nguo: mmoja wa buluu, mwingine mwekundu. Baada ya saa moja sikuhitaji tena rangi, nilikuwa nawajua kwa wanavyosimama. Huo ndio uigizaji.

Halafu wanakuja mumiani.

Hapa ndipo ukumbi mzima ulipochangamka, maana wanyonya damu wale wana sharti moja: hawawezi kuingia ndani mpaka mwenyeji awakaribishe. Wanasimama mlangoni wanapiga hodi kwa adabu, wanaimba, wanatabasamu. Sasa fikiria picha hii inaonyeshwa kwa Watanzania, watu ambao neno "karibu" linawatoka kabla hawajajua aliyebisha ni nani! Mama mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti, "Sisi tungekwisha usiku wa kwanza." Watu walicheka mpaka tukakosa maneno ya waigizaji.

Lakini niwe mkweli, mimi mtu wa Dodoma sikucheka muda wote. Neno "mnyonya damu" kwetu si la picha tu. Mwaka 2016, Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wa udongo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Kwa hiyo kila walipobishana pale mlangoni, huyu ni mtu au si mtu, afunguliwe au asifunguliwe, mimi nilikuwa nawaza pia upande wa anayebisha hodi akiwa hana kosa. Picha yenyewe haikukusudia hilo. Mtu anaingia sinema na kichwa chake.

Tukiacha damu, kuna kipande kimoja cha muziki. Kijana Sammie, mtoto wa mchungaji, anapiga gitaa na kuimba, na ghafla ndani ya ukumbi wanatokea waliotangulia na watakaokuja: wapiga ngoma wa Afrika, mpiga gitaa la umeme, mtu wa santuri, wote wanacheza pamoja na wale wakulima wa pamba wa mwaka 1932, wala hakuna anayeshangaa. Nilisisimka mwili. Aliyewahi kuona ngoma ya Wagogo ikikolea, wanawake wamepakata ngoma mapajani na mabega yanakwenda yenyewe, hatahitaji kuelezwa kile kipande.

Na kingine ambacho hakuna aliyenitajia ila mimi kwa kuwa ni mwenye duka: kuna familia ya Kichina yenye maduka mawili yanayotazamana barabarani, moja la wateja weusi, moja la wateja weupe. Kamera inamfuata binti yao anavyovuka kutoka duka moja kwenda jingine bila kukatwa. Hawakuhutubia chochote. Mtaa mmoja, kaunta mbili, umeelewa nchi ile ilivyokuwa.

Hiyo ni picha ya treni. Mwenye presha akae viti vya pembeni ili kutoka kuwe rahisi.

Ni kweli mwongozaji wake atarudishiwa picha yake?

Kweli. Ryan Coogler alikubaliana na studio kwamba baada ya miaka 25 haki za filamu zinamrudia yeye. Mimi na mambo ya mikataba ya pango ninayoyajua hapa sokoni, nilipolisikia hilo nilimheshimu kuliko nilivyomheshimu kwa picha yenyewe.

Nina watoto. Niwapeleke kuona nini?

Inategemea umri, na inategemea wewe mwenyewe unaweza kulia mbele za watu au huwezi.

Mufasa: The Lion King ilitoka Desemba 2024, nikaenda na mtoto wa dada yangu wa miaka minane kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunaitazama picha hii tofauti na dunia nzima. Wenzetu wanasikia majina matamu ya Kiafrika, sisi tunasikia maana. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, basi, tumezoea tangu ile katuni ya 1994. Lakini hapa tunaambiwa kwamba yule mbaya, Scar, jina lake la utotoni ni Taka. Mtoto akanivuta mkono: "Mamdogo, kwa nini mama yake alimwita Taka?" Nikamwambia labda ni kutaka, kwamba ni mtu wa kutaka vitu. Akafikiri, akasema, "Basi wangemwita Anataka." Na ile nchi ya ahadi wanayoisaka picha nzima inaitwa Milele. Waliposema wanakwenda Milele, mzee mmoja mstari wa mbele alijibu "Ee, sote tunakwenda huko," kama yuko msibani.

Picha yenyewe ni nzuri ya wastani. Simba wale wametengenezwa kwa kompyuta mpaka unaona manyoya yanapepea, ila uso wa simba halisi haununi wala hautabasamu, kwa hiyo mara nyingi sikujua nani kakasirika mpaka aseme. Ile ya kuchorwa ya 1994 ilinitoa machozi kwa mistari michache ya penseli. Ya kupitia.

The Wild Robot, hiyo sasa. Roboti anaanguka kisiwani kusiko na watu, analea kinda la bata bukini aliyebaki yatima. Sauti ya roboti ni ya Lupita Nyong'o, binti wa jirani zetu Kenya, na anaianza ikiwa kavu kama sauti ya mashine ya benki, inalainika taratibu mpaka mwisho ni sauti ya mama. Kinda linakua, linatakiwa kuruka na wenzake kabla baridi haijaingia, na mama hawezi kuruka. Mimi nimempeleka mwanangu bweni Januari, najua kile kituo cha mabasi cha Nanenane kinavyokuwa siku ya kufungua shule. Watoto ukumbini walikuwa wanakula bisi kwa raha zao. Waliokuwa wanafuta macho ni kina mama. Hii ni ya treni, na sibishani na mtu.

Inside Out 2 mpeleke mwenye miaka kumi na mbili au kumi na tatu, mdogo zaidi ya hapo atachoka. Mle ndani ya kichwa cha binti wa miaka 13 wanaingia wageni: Wasiwasi, Wivu, Aibu, na yule mvivu asiyefurahishwa na chochote. Wasiwasi ndiye anayeshika usukani. Kama una binti anayefunga mlango wa chumba kwa kishindo siku hizi, mtazame pamoja na mkitoka msiongee lolote, mnunulie aiskrimu tu.

Avatar ya tatu nayo?

Avatar: Fire and Ash inakwenda saa tatu na dakika kumi na saba. Niliingia Januari, baada ya sikukuu, nikiwa nimevaa miwani yangu na juu yake miwani yao. Ni raha ya macho isiyo na mfano. Kuna kabila jipya la watu wa majivu na kiongozi wao mwanamke, Varang, kila akitokea nilikaa vizuri kwenye kiti. Lakini hadithi ni kiporo cha ile ya 2022 kilichopashwa moto: familia inakimbia, watoto wanakamatwa, wanaokolewa, wanakamatwa tena. Nilisema moyoni, hawa watoto wafungwe kamba.

Ya kupitia, ila kwa sinema tu. Hii kwenye simu ni kujidanganya.

Unakaaje saa tatu bila kwenda msalani?

Usinywe soda kubwa. Hilo tu. Wahindi walijua hili zamani, picha zao zina mapumziko katikati, watu wanatoka, wanajadiliana, wanarudi. Pushpa 2 ina kama saa tatu na dakika ishirini na sikuisikia.

Nikiwa hapo hapo kwa Pushpa: wengi mnaijua sehemu ya kwanza ya 2021, kuli anayekuwa mfalme wa magendo ya msandali mwekundu. Katika ya pili, Allu Arjun, mwanamume shupavu kuliko wote mle ndani, anavaa sari siku ya sherehe ya mungu wao wa kike, kajipaka rangi ya buluu mwili mzima, bangili, shada la malimau shingoni, anacheza halafu anapigana. Nilikuwa nimezungukwa na vijana wa kiume waliokuja kutazama ubabe. Walinyamaza kimya, halafu wakapiga miluzi. Mimi nilikuwa naangalia namna ile sari ilivyofungwa isifunguke wakati anaruka. Bado sijaelewa.

Ukitazama picha, kwa nini unazungumzia nguo tu?

Kwa sababu ndiyo kazi yangu! Fundi ujenzi akitazama picha anaangalia kuta.

Na msidhani nguo ni pambo. Sinners imevalishwa na Ruth E. Carter, yule yule wa Black Panther, mwanamke mweusi wa kwanza kupata Oscar mbili. Zile suti za pacha zinakuambia nani ana haraka na nani anapima maneno, kabla hawajafungua mdomo. Wicked nayo, iliyotoka Novemba 2024, niliiendea kwa ajili ya nguo. Nyimbo ni nyingi mno kwa mtu kama mimi, watu wanaongea kidogo wanaanza tena kuimba, na ni saa mbili na dakika arobaini hivi halafu unaambiwa hiyo ni nusu, njoo mwakani. Lakini mavazi! Paul Tazewell alipata Oscar kwa kazi ile mwaka 2025, mwanamume mweusi wa kwanza kushinda kwa ubunifu wa mavazi. Yule msichana wa kijani, Elphaba, kila siku yuko na nguo nyeusi, na ukiziangalia vizuri si nyeusi tupu, zina marinda madogo madogo yaliyokunjwakunjwa kama chini ya kofia ya uyoga. Nilimwambia fundi wangu ajaribu kwenye bega la gauni la bibi harusi mmoja wa Kisasa. Alijaribu. Tusiongee.

Dune: Part Two mbona wengine wanasema inachosha?

Wanaosema hivyo wanakaa kwenye mvua.

Ile niliiendea Machi 2024, kabla ya treni, kwa basi, nikafika Dar miguu imevimba. Inahusu watu wanaoishi jangwani wanaovaa nguo za kukusanya jasho lao walinywe tena, na mtu akifa maji ya mwili wake yanatolewa yahifadhiwe. Walipoonyesha lile ziwa la maji ya marehemu ambalo hakuna anayeruhusiwa kuligusa, wenzangu wa Dar walinong'ona "kha!" Mimi mtu wa Dodoma, ninayejua ndoo ya maji ya mwezi wa kumi inavyogawanywa, niliwaelewa watu wale kabisa. Na vumbi! Jangwa lile wamelipiga picha Jordan na Abu Dhabi, ila upepo ule ni wa kwetu wa Agosti.

Kisha kuna raha ya masikio. Wale watu wa jangwani wanamngoja "Mahdi", na maneno yao mengi yana harufu ya Kiarabu, kwa hiyo Mswahili anakamata hapa na pale bila kusoma maandishi ya chini. Ya treni, ingawa treni yenyewe haikuwepo.

Gladiator II kweli wameweka papa?

Wameweka papa, yule samaki, ndani ya uwanja wa Roma uliojazwa maji. Warumi waliwahi kujaza maji viwanjani na kupiganisha merikebu, hilo limo kwenye historia. Papa ni wa mwongozaji, Ridley Scott. Kilichoniuma si papa, ni kwamba kijana steringi hana uzito. Denzel Washington anaingia na majoho yake na hereni, anatabasamu, picha inakuwa yake. Wengine wote wakawa kama wamekuja kumsindikiza. Ya flashi, mkiruka mpaka anapotokea Denzel.

Superman mpya?

Mbwa wake ni mzuri.

Mume wangu anataka F1. Mimi sijui mashindano ya magari.

Nendeni. Sikujua kitu na bado nilishika mikono ya kiti. Walirekodi kwenye wikiendi za mashindano yenyewe, na Lewis Hamilton, dereva wa mashindano hayo hayo, ni mmoja wa watayarishaji. Hadithi unaijua kabla haijaanza: Brad Pitt mzee aliyewahi kuanguka anarudi, kijana mwenye kiburi, Damson Idris, hamtaki, mwisho wanaelewana. Steringi hafi. Lakini sauti ya zile injini inapita kwenye kiti inaingia mgongoni, na hiyo huipati kwenye spika za laptopu. Tulipotoka dereva wa bajaji aliyetubeba naye alikuwa kama katoka kuitazama. Ya kupitia.

Na Tom Cruise? Hajazeeka?

Alizaliwa 1962, jumlisha mwenyewe. Kwenye Mission: Impossible – The Final Reckoning ananing'inia kwenye bawa la ndege ndogo angani, na ni yeye kweli. Dakika zile nilisahau kupumua. Tatizo ni kwamba ili ufike kwenye ndege lazima upite saa nzima ya watu wanaelezana mambo kwenye vyumba vya giza, na kila mmoja anamalizia sentensi ya mwenzake. Shangazi, ambaye siku hiyo tulikuwa pamoja, alilala, nikamwamsha wakati wa ndege. Alisema ameipenda sana.

Kiingereza chao unakielewa chote?

Nani kasema? Sinners nilielewa labda nusu ya maneno, lafudhi yao ya kusini ni nzito. Kwa kizazi changu shida si Kiingereza, shida ni kuzoea kutazama bila mtu wa kutafsiri. Tulilelewa na sauti ya Lufufu na wenzake, wanaokutafsiria, wanaongeza utani wao, wanampa jambazi jina la mtaani, na picha ya Marekani inakuwa ya Manzese. Mara yangu ya kwanza kuingia sinema kubwa nilijiona kama nimeachwa peke yangu sokoni. Baadaye nikagundua kwamba picha nzuri inajitafsiri kwa uso wa mtu. Mbaya ndiyo inayohitaji Lufufu.

Mbona huwasifii Wabongo?

Nawasifu wakistahili. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, ni picha niliyoitazama nikiona haya kwa furaha: Zanzibar ya miaka ya 1950, mwanga wa taa za chemli, kanga zimefungwa zinavyofungwa, na Kiswahili kinachozungumzwa kama watu wanavyozungumza kweli. Hakuna anayepiga kelele kuonyesha kwamba ana hasira.

Kinachoniangusha kwenye nyingi za kwetu ni sauti. Kwenye televisheni ya sebuleni utavumilia feni inayovuma nyuma ya mazungumzo. Kwenye ukumbi mkubwa feni ile inakuwa helikopta. Na zikiingia sinema hazikai. Mara mbili nimeshuka Dar nikiwa nimejipanga kuona picha ya Kibongo, nikaambiwa iliondoka Alhamisi.

Umewahi kujuta?

Ndiyo, na haikuwa kosa la picha. Ukumbi mmoja, sitautaja, spika za upande wa kushoto zilikuwa zimekufa. Watu wakisimama kulia wanaongea, wakihamia kushoto mabubu. Tulilalamika, tukajibiwa kwamba "mfumo unajirekebisha". Haukujirekebisha. Kurudishiwa hela hakukuwepo, tulipewa bisi. Nilizila kwa hasira mpaka zikaisha.

Ndiyo kwanza naenda. Nijiandae vipi?

Vaa sweta. Watu wa Dodoma mnadhani mnajua baridi kwa sababu ya Juni na Julai, kile kiyoyozi ni kitu kingine. Kaa katikati, mistari ya nyuma kidogo, usikubali mstari wa kwanza hata ukiwa ndio uliobaki, shingo yako ni ya kudumu. Zima simu, isiwe "nimepunguza sauti". Karanga na ubuyu wa kwetu haviruhusiwi kuingizwa, na sitawaambia huwa naviweka wapi.

Halafu majina yakianza kupanda usikurupuke. Kwenye Sinners nusu ya ukumbi ilikimbilia mlangoni, wakakosa kipande kizima cha mwaka 1992 alichotokea Buddy Guy mwenyewe, yule mpiga gitaa wa Chicago, na kwangu ndicho kilichofunga hadithi. Walioondoka wameona picha nyingine.

Dada, kwani wale pacha wa Sinners mwisho wao unakuwaje?

Aliyeniuliza hili ni kijana wa bodaboda anayenipeleka stesheni alfajiri. Nilimwambia nitamsimulia siku atakayonifikisha bila kudai nyongeza ya begi. Safari iliyopita alidai nyongeza ya begi.